Hapa Hafi Mtu

Wafanyakazi wa hoteli walimwita Mama Mashuka, kwa sababu hakuna shuka lililotandikwa kwenye kitanda chochote mle ndani bila kupita mikononi mwake. Alikuwa mjane. Mumewe alifia nyumbani, kitandani pao, na ni yeye mwenyewe aliyemfumba macho. Tangu hapo hakuwa mtu wa kuogopa maiti. Alimwogopa Mungu, akaogopa na kukosa kazi, basi.

Alikaa chumba cha uani, nyuma ya sehemu ya kufulia, yeye na mama mkwe wake ambaye macho yalikwisha zima na miguu haimbebi tena. Chumba kilikuwa mali ya hoteli. Siku kazi inakwisha na chumba kinakwisha, hilo halikuhitaji kuelezwa na mtu.

Dereva wa hoteli alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtoto pekee aliyebaki kwa yule bibi. Ndiye aliyemwombea kazi, na hakuchoka kumkumbusha.

"Bila mimi, shemeji, ungekuwa unafua soksi za watu vichochoroni."

"Na bila mimi mama yako angekuwa analishwa na nani? Na usukani?"

"Ah, umeanza. Nipe chai niende zangu, wageni wananisubiri."

Ndivyo walivyoishi, wakichokozana, na hakuna aliyekwenda kulala na kinyongo.

Hoteli ilikuwa ya wastani. Ngazi zilipakwa nta kila asubuhi, maua ya plastiki yalioshwa kwa sabuni, na kwenye mapokezi palitundikwa picha ya maporomoko ya maji ambayo wageni wote walikuja kuyaona. Walilala, wakala mayai na mkate, wakapelekwa kwenye maporomoko na dereva, wakarudi wameloa na kufurahi, wakaondoka. Meneja alikuwa na kauli yake moja aliyoipenda kuliko zote: hapa hafi mtu. Mgeni akisikia kwamba kitanda anacholalia kuna mwenzake alikatia roho juu yake, anafunga mzigo, na anaowasimulia nao hawaji. Kwa hiyo aliyefia chumbani alivalishwa viatu, akashushwa ngazi za nyuma kama mgonjwa, akapelekwa zahanati ya jirani. Daktari wa pale alikuwa rafiki wa meneja tangu shuleni. Aliandika kwamba mtu kafia mikononi mwake, na mambo yakaisha.

Mama Mashuka alilijua hilo. Godoro lilishushwa kwake lioshwe, akaliosha. Hakuna aliyemwuliza neno, naye hakusema. Alimwombea marehemu huku anasugua, akajiambia kwamba aliyekufa amekufa, awe ameandikwa huku au kule.

Kisha akaja Mzee Ramani.

Jina hilo alipewa na wafanyakazi kwa sababu alitembea na ramani ya karatasi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, wakati watu wote sasa wanaonyeshwa njia na simu. Alikuwa mstaafu, mwembamba, mwenye kikohozi. Alipewa chumba cha mwisho ghorofa ya juu, akakaa siku nyingi kuliko wageni wengine, maana alikuwa anamngoja binti yake waende pamoja kwenye maporomoko. Wengine walimwona anachosha. Mama Mashuka alimpenda. Akiingia kutandika, mzee alihamia kwenye kiti cha dirishani na kuanza.

"Kuna mji mmoja, mama, nililala hoteli ina kengele pale pale kitandani. Ukiibonyeza tu, anakuja mtu na bakuli la supu. Mimi nilikuwa naibonyeza hata kama sina njaa."

"Na yule wa supu alikuwa anakutukana huko ngazini."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Alinitukana, nakwambia! Nilimsikia!"

Alimsimulia mkate unaookwa chini ya majivu, vitanda vya kuning'inia ndani ya treni, na nyumba ya wageni ambako mwenye nyumba alilala sakafuni ili mgeni apate kitanda. Mama Mashuka hakuwahi kulala hotelini kama mgeni hata siku moja. Alisikiliza huku anakunja ncha za shuka, na wakati mwingine alikunja taratibu makusudi.

"Binti anakuja lini, mzee?"

"Kazi zimembana. Lakini safari hii atakuja. Nimemwambia nitamngoja hata nikiota mizizi."

Siku moja asubuhi mlango wake ulikuwa na kile kibao cha Usinisumbue. Mama Mashuka alipita na toroli lake la mashuka, akafanya vyumba vingine, akarudi. Kibao kiko pale pale. Sheria ya meneja ilikuwa kwamba kibao hakiguswi, hata nyumba ikiwaka moto. Lakini yule mzee hakuwahi kukitundika hata mara moja. Yeye alikuwa wa kuacha mlango wazi ili apate wa kuongea naye. Mama Mashuka akaenda jikoni kuuliza kama ameshuka kunywa chai. Hajashuka. Akapanda tena, akabisha, akaita, akabisha. Akamtaja Mungu, akafungua.

Mzee alikuwa amelala ubavu, ameelekea mlangoni, mdomo wazi, macho wazi. Mkono mmoja ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, na simu iko sakafuni chini yake. Mama Mashuka alimgusa shingo. Baridi kama bomba la maji. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akafanya alichomfanyia mumewe. Alimfumba macho, akayashikilia mpaka yakatulia. Taya lilikuwa limeanza kuwa gumu, akalisugua taratibu na kiganja mpaka likakubali, kisha akachana kitambaa kutoka kwenye foronya kuukuu, akakipitisha chini ya kidevu na kukifunga utosini. Akamlaza chali, akamnyoosha miguu, akamwekea mikono vizuri. Akamwombea, akaomba na kwa ajili ya yule binti aliye njiani. Ndipo aliposhuka kwa meneja.

"Mgeni wa chumba cha mwisho amefariki."

Meneja alimtazama juu mpaka chini. "Nani kakwambia? Umekuwa daktari lini? Ni mgonjwa huyo. Kamwite shemeji yako."

Wakapanda wote. Meneja mlangoni alisita kidogo, akapata pumzi, akaanza kuamrisha. Mvalisheni viatu. Mpeni kofia yake. Ile skafu, mzungusheni shingoni mpaka puani, asionekane uso. Dereva alifanya yote haraka haraka bila kuangalia, na katika harakaharaka hiyo kitambaa cha kidevuni kilibaki chini ya kofia na skafu. Mama Mashuka alikiona. Hakukifungua. Kwa akili yake kile ni haki ya maiti, na hakuna mahali alipokuwa amesikia kwamba haki ya maiti inaweza kumdhuru mtu.

Walimshusha kwenye kiti kwa ngazi za nyuma, kupitia jikoni. Mpishi aligeuka akakoroga sufuria isiyo na kitu cha kukorogwa.

Kumbe binti alikuwa ameshuka mjini asubuhi ile ile. Alifika mapokezi na sanduku lake, akaambiwa baba kaugua ghafla, kapelekwa zahanati. Akakimbia kwa miguu. Alipoingia, dereva na meneja wako pale na daktari anaandika. Wakamkalisha chini, wakampa pole. Daktari akamwambia baba yake amekata roho sasa hivi, pale mezani, wamejaribu kila njia. Dereva, ambaye hakuweza kuvumilia kuona mwanamke analia, akaongeza la kwake.

"Alikutaja, dada. Ndani ya gari. Alisema, mwambieni mwanangu nimemngoja."

Binti alilishika neno lile kama mtu aliyetupiwa kamba. Akamwendea baba yake, akamvua kofia ili ambusu. Akaifungua skafu. Akaona kitambaa.

Kilichofuata Mama Mashuka hakukiona, alisimuliwa. Binti alipiga yowe watu wakajaa. Nani amemfunga baba yangu mdomo? Mlisema alikuwa anaongea, aliongeaje na kitambaa hiki? Daktari akamtazama meneja, meneja akamtazama dereva. Kurudi nyuma haikuwezekana tena, wino umekwisha kauka kwenye cheti. Meneja ndiye aliyepata jibu kwanza. Ni yule mama wa mashuka, alisema. Mtu wa imani nyingi kupita kiasi. Alimkuta mgonjwa kazirai, akadhani kafa, akamfunga. Sisi tumemwokota akiwa bado anapumua, na skafu hatukuifungua, tulikuwa mbioni kuokoa maisha.

Kabla jua halijageuka, askari walikuwa uani. Mama Mashuka alikuwa anamlisha mama mkwe wake.

"Nani hao?" bibi aliuliza.

"Ni watu wa kazini, mama. Wananihitaji kidogo."

"Wasikucheleweshe. Uji haujaisha."

Kituoni kulikuwa na meza, benchi, na ukuta uliopakwa kijani mpaka nusu. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, si mkali, na hiyo ilimtisha Mama Mashuka zaidi.

"Mama, wewe ndiye uliyemfunga mgeni mdomo?"

"Nilimfunga kidevu, afande. Maiti hufungwa kidevu."

"Maiti. Meneja anasema alikuwa anapumua. Dereva anasema aliongea. Daktari anasema amekata roho mezani kwake. Wote hao, mama, na wewe peke yako ndiye uliyeona maiti." Akavua miwani, akaifuta. "Sasa mtu anayepumua akifungwa mdomo kwa kitambaa, yule aliyemfunga tumwiteje?"

Hapo ndipo Mama Mashuka alipoelewa ametumbukia wapi. Lile jambo dogo la hoteli, lile la kuvalisha viatu, ambalo yeye aliliona miaka yote na kulinyamazia, sasa limemgeukia yeye. Kama mzee alitoka hotelini hai, basi yeye ndiye aliyemuua.

"Dereva ni shemeji yangu," alisema mwishowe. "Mwulizeni tena. Hawezi."

"Tumemwuliza tena. Ameapa."

Alilala mahabusu na wanawake wengine, akaomba mpaka maneno yakamwishia. Kesho yake shemeji alikuja na chakula kwenye kopo. Alisimama upande wa pili wa nondo, kofia mkononi, hamtazami.

"Mama anakuulizia. Nimemwambia umesafiri kikazi. Hataki kula kwangu, anasema mkono wangu unanuka mafuta ya gari."

"Shemeji, ulimbeba mwenyewe. Alikuwa baridi, viungo vimeanza kukaza."

"Najua."

"Basi sema."

"Nikisema nini kitatokea? Meneja ananitosa, daktari ananitosa, tunafukuzwa mimi na wewe, na mama analala barabarani. Ukivumilia kidogo, meneja kasema atakuwekea wakili. Itaonekana ni bahati mbaya. Hukukusudia. Utakaa ndani muda mfupi tu."

"Niseme nimeua mtu ili wewe uendelee kuendesha gari?"

"Usiliweke hivyo, shemeji."

"Liweke wewe basi. Nakusikiliza."

Dereva akasukuma kopo kati ya nondo. "Kula. Umekonda kwa siku moja kama umefunga mwezi." Akaondoka. Alipofika mlangoni alijifuta uso kwa kofia.

Mchana wa siku ile ile binti akaja. Aliomba amwone huyo mwanamke kwa macho yake. Mkuu wa kituo akawakalisha kwenye benchi moja, mlango wazi, askari nje. Binti alikuwa mwanamke wa makamo, nguo za safari bado mwilini, macho yamevimba.

"Sikuja kukutukana," alisema. "Nimekuja uniambie kwa nini."

"Mwanangu, baba yako nilimkuta amekwisha fariki."

"Aliongea kwenye gari."

Mama Mashuka alimwona jinsi alivyolishika lile neno, na alijua ni neno gani, maana mkuu wa kituo alikuwa amemsomea maelezo ya shemeji. Mwambieni mwanangu nimemngoja. Lilikuwa neno zuri. Lingemfaa mtu maisha yake yote. Na hakukuwa na namna ya yeye kutoka mle ndani ila kwa kumnyang'anya.

Akawaza kumwachia. Aliwaza kweli, kwa muda wa pumzi kadhaa. Kisha akamwona mama mkwe wake akigeuza uso asitake kula, na akaona kwamba mwisho wa yote Mungu atamwuliza kwa nini alisema ameua mtu ambaye hakumuua.

"Hakuongea," alisema. "Nisamehe. Hakukutaja, hakumtaja mtu. Nilimgusa shingo, ilikuwa baridi. Vidole vimekaza. Nililisugua taya lake kwa mkono huu mpaka likafunga. Mtu aliye hai haguswi hivyo asiamke."

Binti alikuwa anatikisa kichwa. "Unajiokoa tu."

"Najiokoa, ndiyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Alilalaje?"

Mama Mashuka hakutaka kujibu.

"Nakuuliza, alilalaje!"

"Ubavu. Ameelekea mlangoni. Simu imeanguka chini, mkono uko pale pale juu yake."

Binti aliacha kutikisa kichwa. Alikaa vile mpaka askari akachungulia kuona kama kuna usalama. Alipozungumza tena sauti ilikuwa kama ya mtu anayesoma.

"Alinipigia. Usiku ule. Niliona jina lake nikaizima simu, nikasema tutaonana kesho, atanisimulia tena ile habari ya kengele na supu. Mara ya pili sikuisikia. Ilikuwa imezimwa."

Mama Mashuka alinyoosha mkono amshike. Binti akauondoa wake.

"Usiniguse, tafadhali."

"Mwombe daktari mwingine amtazame," Mama Mashuka alisema. "Wa hospitali kubwa. Atajua alikufa saa ngapi. Sitaki uniamini mimi."

"Nilikuwa nimekataa asipasuliwe."

"Hata hivyo, nakuomba."

Binti aliinuka. Alipita mbele ya mkuu wa kituo bila kuaga, na Mama Mashuka hakujua kama amekubali au amekataa. Hakulala. Kila mlango ulipolia alisimama.

Binti alikubali. Daktari wa hospitali kubwa alimtazama mzee, akasema huyu alikufa usiku, saa nyingi kabla ya gari lolote kuwashwa. Mkuu wa kituo alimwita Mama Mashuka, akamrudishia kitambaa chake cha kichwa na mkanda wa sketi.

"Uko huru, mama. Pole."

"Na wale?"

"Daktari wa zahanati amesimamishwa kazi, atajieleza. Meneja ameandika maelezo mapya." Mkuu wa kituo aliangalia karatasi zake kama zinamnukia vibaya. "Anasema yeye alidanganywa. Anasema dereva ndiye aliyemwambia mgeni anapumua, na dereva ndiye aliyetunga kwamba aliongea. Hilo la kuongea dereva mwenyewe amekiri. Alikula kiapo, mama. Kiapo cha uongo, tena mtu nusura afungwe kwa ajili yake."

Walimpitisha kwenye korido ile ile aliyotokea. Shemeji alikuwa amekalishwa kwenye benchi, hana mkanda, viatu havina kamba. Walitazamana.

"Shemeji," alisema yeye.

"Umekula?" Mama Mashuka aliuliza.

"Nani ataniletea?"

"Mimi nitaleta."

"Umwambie mama nimesafiri."

Askari alimgusa Mama Mashuka bega, naye akatoka nje kwenye jua.

Pale hotelini mlinzi alimfungulia geti dogo kwa aibu, akamwambia meneja kampa mpaka kesho awe ametoa vitu vyake. Wageni wapya walikuwa wanashuka kwenye gari la kukodi, wanacheka, mmoja anaipiga picha ile picha ya maporomoko. Mama Mashuka alipita pembeni mwao mpaka uani.

Mama mkwe alikuwa kitandani, nywele hazijachanwa. Mke wa mlinzi alikuwa amemsaidia kidogo, chumba kinanuka hata hivyo. Bibi aliijua hatua yake kabla hajasema.

"Umerudi. Walikuweka sana hao watu wa kazini."

"Waliniweka, mama."

Aliwasha jiko, akachemsha maji, akamwosha, akambadilisha. Akamkorogea uji. Bibi alikula vijiko kadhaa, halafu akakaa akisikiliza, kama wanavyosikiliza vipofu, kwa uso mzima.

"Kijana wangu simsikii. Gari lake halijalia tangu asubuhi."

Mama Mashuka aliweka kijiko. Angeweza kusema amepeleka wageni kwenye maporomoko. Ndiyo kazi yake, na bibi angelala vizuri.

"Yuko kituoni, mama. Wamemfunga."

"Amefanya nini?"

"Aliapa kwamba mgeni aliyekufa alikuwa hai. Mimi nikasema alikuwa amekufa. Wakaniamini mimi."

Mikono ya bibi ilitembea juu ya blanketi, ikitafuta ukingo, ikaukuta, ikaukunja.

"Ni wewe uliyesema."

"Ni mimi."

"Na alikuwa amekufa kweli huyo mtu?"

"Alikuwa amekufa kweli."

Bibi alikisukuma kile kibakuli pole pole, akageukia ukutani. "Niondolee," alisema.

Mama Mashuka alikiondoa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kwa kuwa mle chumbani hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, akaanza kuomba, akawataja wote, mzee na binti yake na shemeji, akamtaja na meneja kwa kujilazimisha. Mgongo wa bibi ulikuwa unapanda na kushuka chini ya blanketi. Alikuwa analia bila sauti.

Uji ulipopoa kabisa aliupasha moto tena, akarudi nao, akakaa, akangoja.